Injini Iliyolala: Mhadhara Juu ya Ndege Ndogo Iliyoegeshwa Muda Mrefu

Mtu anayenunua au kurithi ndege ndogo iliyoegeshwa miaka minane huwa na hamu moja: asikie mlio wake. Hufungua banda, akapangusa vumbi kwenye bawa, akafunga betri mpya, akamimina mafuta kidogo, akaketi na kuzungusha swichi. Mara nyingi injini huwaka kweli, na hapo ndipo hasara inapoanza. Katika nusu dakika ya kwanza vyuma vikavu vyenye kutu huwa vimeshasagana, na ubovu ambao fundi angeuona kwa macho huwa umegeuka unga wa chuma unaozunguka ndani ya oili. Mhadhara huu unasimamia hoja moja: kwa injini iliyolala, kuwasha ni hatua ya mwisho ya uchunguzi.

Mhadhara huu unawalenga watu wa Kabezi, na huenda mtu akauliza Kabezi na ndege wapi na wapi. Kabezi iko kando ya barabara kuu ya Bujumbura kwenda Rumonge, Ziwa Tanganyika likiwa upande wa kulia kwa anayeelekea kusini. Kiwanja cha ndege hakuna. Kuna mialo, mitumbwi, vyombo vya uvuvi viitwavyo apolo, na nyavu zilizoanikwa. Lakini watu wa pwani hii wanaifahamu injini iliyolala kuliko wanavyodhani. Ndagala na mukeke huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwaita samaki, kwa hiyo mashine hupumzika siku kadhaa. Uhaba wa petroli uliolikumba taifa la Burundi, na ambao ulibana sana mwaka 2024 na 2025, umelaza magari, pikipiki na mashine za mitumbwi kwa majuma mazima. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na mashine za kupachika za Kigoma zikalala miezi mitatu. Tofauti na ndege ni moja, nayo ni kubwa: mashine ya mtumbwi ikikata moto katikati ya maji, mtu huchukua kasia.

Mfano bora wa injini iliyolazwa kwa akili umo ndani ya ziwa hilihili. Meli Graf von Götzen ilijengwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa ndani ya makasha kupitia Dar es Salaam hadi Kigoma. Mafundi watatu waliokuja nayo, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, waliiunga upya, na Februari 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata vita viliwageukia Wajerumani. Kamanda wao ziwani, Gustav Zimmer, aliagiza meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji, na kazi wakapewa walewale walioiunda. Kabla ya kuizamisha tarehe 26 Julai 1916, waliipaka injini grisi nzito kila pembe. Walikusudia kurudi kuichukua.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena; Waingereza wakaiinua Machi 1924, na injini na boila zikakutwa bado zinafaa kazi. Hadithi hii husimuliwa sana Kigoma, lakini wasimulizi hulisahau jambo ambalo fundi angelitazama kwanza, yaani tarehe ya pili. Meli ilianza safari kwa jina jipya la Liemba tarehe 16 Mei 1927. Kati ya kuinuliwa na kuanza kazi ilipita miaka mitatu ya kufungua, kusafisha, kukagua na kufunga upya. Hakuna aliyewasha moto chini ya boila siku ileile ilipoibuka ili aone kama inakubali. Injini hizo za mvuke ziliendelea kuisukuma meli hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.

Wajerumani walikuwa na bahati ambayo mwenye ndege hana: walijua kwamba meli inakwenda kulala. Mwenye ndege hajui. Leo kuna mawingu, kesho kuna kikao, wiki ijayo atapaa bila shaka. Wiki ijayo inakuwa mwaka ujao. Angejua mapema, angeweka oili maalum ya kuhifadhia injini, akanyunyiza ndani ya kila silinda, akaziba matundu ya ekzosi na ya hewa, na kwenye matundu ya plagi akafunga vichupa vyenye chembe za bluu zinazonyonya unyevu na kugeuka rangi ya waridi zikishiba. Fundi akipita mara moja kwa mwezi na kutazama rangi, anajua hali ya ndani bila kufungua kitu. Ndege iliyolala bila maandalizi hayo ndiyo inayoletwa kwa fundi, na ndiyo inayozungumziwa hapa.

Ndege ndogo, kwa kweli, si ngeni katika maji haya. Juni 1916 ndege za baharini aina ya Short 827, mali ya jeshi la wanamaji la Uingereza zilizoazimwa kwa Wabelgiji, ziliruka kutoka eneo la Mtoa, ukingo wa Kongo, zikaenda kupiga mabomu bandari ya Kigoma ilimokuwa Götzen. Zilikuwa za mbao na nguo, kila moja na injini moja ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150, na zililetwa katikati ya Afrika kwa meli, treni na mabega ya wapagazi.

Turudi bandani. Kinachoiua injini iliyosimama ni maji, na mengi ya maji hayo injini imejitengenezea yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji. Mwingi hutoka kwa ekzosi, lakini sehemu hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Injini ikifanya kazi muda wa kutosha, oili hupata moto na kuufukuza mvuke huo. Ikiwashwa dakika kumi na kuzimwa, maji hubaki humohumo, yakachanganyika na mabaki ya moshi na kuwa tindikali hafifu. Ndiyo maana desturi ya kuiwasha ndege kila Jumapili "ili isife", bila kuipaisha, huidhuru. Lycoming, kampuni ya Marekani ambayo injini zake zimo katika ndege nyingi aina ya Cessna na Piper zinazoruka Afrika Mashariki, huelekeza kwamba injini iruke angalau saa moja mfululizo kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Kuzungusha pangaboi kwa mkono nako, jambo ambalo wengi hudhani ni huduma, huifuta ile oili kidogo iliyobaki ikikinga chuma.

Katika injini za Lycoming kuna mahali pamoja panapoumia mapema. Kamshafti, ule mhimili wenye vinundu vinavyosukuma valvu, umewekwa juu ya krankshafti. Injini ikizimwa, oili huchuruzika kwenda chini na kamshafti hubaki mkavu, juu, katika hewa yenye unyevu. Kwenye injini nyingi za Continental kamshafti uko chini, karibu na oili, kwa hiyo huhifadhika vizuri zaidi. Kutu ikishika vinundu na vikombe vinavyovigusa, huacha vishimo vidogo kama alama za ndui. Siku injini inapowashwa, vishimo hivyo hugeuka msasa, ngozi ngumu ya chuma hubanduka, na baada ya muda wa kuruka kinundu huwa kimelika. Ndege haizimiki ghafla. Inapoteza nguvu pole pole, rubani anadhani ni joto la mchana. Kukiona kinundu chenyewe bila kufungua silinda ni kazi ngumu, na hapa ndipo uaminifu wa fundi unapopimwa: mteja anataka kuambiwa kwamba mambo ni mazuri, lakini fundi hawezi kusema hivyo kwa kutazama nje.

Sasa mafuta. Tenki lililoachwa nusu hupumua: mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hewa mbichi huingia na kuacha matone juu ya kuta. Mvua nayo hupenyeza kwenye vifuniko ambavyo mipira yake imekauka. Baadhi ya ndege za Cessna za zamani zina matenki ya mpira laini ndani ya bawa. Mpira ukijikunja, mikunjo hushika maji kama mabonde, na bomba la kutolea uchafu halifikii maji hayo mpaka ndege itikiswe au iinamishwe. Mwaka 1984 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima juu ya mikunjo hiyo na vifuniko vyake.

Kupima maji kwenye mafuta ni rahisi, na hapohapo watu hupotea. Mafuta hukingwa katika kikombe cha kioo na kuinuliwa kwenye mwanga. Petroli ya ndege inayotumika sana, ile ya oktani 100, imetiwa rangi ya bluu. Maji hayana rangi, nayo hukaa chini, kwa hiyo mstari huonekana. Lakini kikombe kikijaa maji matupu hakuna mstari. Kinang'aa, kinapendeza, kinaonekana safi. Fundi mzoefu hutafuta bluu kwanza, kisha hunusa, ndipo hutafuta mstari. Kama tenki limelala miaka, yote haya ni ya kujiridhisha tu. Mafuta ya zamani hutolewa yote. Petroli ikikaa huvukiza sehemu zake nyepesi na kuacha gundi ya kahawia inayonata. Gundi hiyo ikishuka kwenye kabureta hugandisha boya, hukwamisha sindano, na huziba vile vitundu vyembamba vinavyolisha injini inapozunguka polepole.

Tena kuna wadudu. Nyigu wanaojenga kwa tope hupenda tundu lenye ukubwa wa kidole cha mtoto, na ndege ina matundu mengi ya aina hiyo: mirija ya kupimia mwendo, mirija ya kupumulia tenki, ncha za ekzosi. Tundu la kupumulia tenki likizibwa, dalili yake ni ya kipekee. Injini huwaka vizuri, huenda vizuri, kisha baada ya dakika chache huanza kukohoa na kukata moto. Ikiachwa kidogo, huwaka tena kana kwamba haikuwa na tatizo, halafu huzima tena. Mafuta yananyonywa na hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Mvuvi yeyote wa Kabezi aliyewahi kusahau kulegeza kile kiskurubu cha hewa juu ya kifuniko cha tenki la mashine yake anaujua ugonjwa huu, na dawa yake pia.

Mwaka 1996, tarehe 6 Februari, ndege kubwa ya Birgenair aina ya Boeing 757 iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na muda mfupi baadaye ikaanguka baharini na kuua watu wote 189. Ilikuwa imeegeshwa zaidi ya wiki mbili, na kabla ya safari mirija yake ya kupimia mwendo haikuwa imefunikwa. Uchunguzi uliona kuwa kilichoelekea zaidi kuuziba mrija wa rubani mkuu ni wadudu. Injini zake zilikuwa nzima. Marubani walichanganywa na mwendo wa uongo uliosomeka mbele yao. Kwa hiyo fundi anayeitwa kutazama "injini tu" ana haki ya kukataa kuiangalia injini peke yake.

Wakati wa korona dunia nzima ilipata somo hili kwa gharama kubwa. Uwanja wa Bujumbura ulifungwa kwa safari za abiria tangu Machi 2020 hadi Novemba mwaka huo, na viwanja vya mataifa makubwa viligeuka maegesho. Julai 2020 FAA ilitoa agizo la dharura kuhusu ndege za Boeing 737 zilizosimama siku 7 mfululizo au zaidi: valvu moja ya hewa kwenye injini ilikuwa ikishika kutu na kukwama, na tayari kulikuwa na taarifa nne za injini kuzimika. Siku saba, si miaka minane. Ulaya nako mamlaka ya usalama wa anga, EASA, ilionya mwaka huohuo juu ya vipimo vya mwendo vinavyodanganya baada ya ndege kutoka maegeshoni.

Basi kazi ianzie wapi? Kwenye karatasi. Kila ndege ina daftari la injini, na daftari hilo husema ilizimwa lini mara ya mwisho, ilikuwa na saa ngapi, nini kilibadilishwa, nani alisaini. Lycoming hutoa muda wa kufunguliwa injini kwa saa za kazi na kwa miaka pia, na kwa miaka kikomo ni 12, hata kama injini imezunguka saa mia mbili tu. Kwa ndege iliyolala, kalenda ina uzito kuliko saa. Tangazo la kuuza linalosema "saa chache sana tangu ifunguliwe" humfurahisha mnunuzi, lakini kwa fundi ni onyo. Maswali ya fundi kwa mwenye mali yafanane na yale yanayosikika kwenye gereji za mtaa wa Buyenzi, Bujumbura: "Mzee, imekaa muda gani? Iliegeshwa wapi? Ilizimwa ikiwa nzima, au iliegeshwa kwa sababu ilikuwa na kasoro?" Swali la tatu ndilo lenye pesa. Ndege nyingi hazikulala kwa bahati mbaya. Zililazwa kwa sababu kuna kitu kilimshinda mtu kukilipia.

Baada ya karatasi, macho. Vifuniko vya injini hutolewa vyote na tochi huingia kila upenyo. Panya hupenda kujenga juu ya silinda, chini ya mabati ya kuongoza hewa. Kiota kikibaki, silinda haipozwi na hupasuka. Mkojo wao huila aluminiamu. Meno yao huvua waya. Mipira ya mafuta na oili hukunjwa kwa vidole: ikilia au ikionyesha nyufa, inatupwa, bila kujali inaonekana vipi kwa nje. Kisha plagi za juu hutolewa na kamera ndogo yenye waya huingizwa ndani ya kila silinda. Kuta za silinda nzima huonyesha michoro myembamba iliyopishana. Kutu huonekana kama madoa ya rangi ya chungwa, na valvu iliyoungua huonyesha ukingo wenye rangi isiyolingana.

Hapa panahitaji tahadhari kubwa kuliko zote. Injini ya ndege ndogo haitegemei betri kwa moto wa plagi. Ina magneto mbili, zinazozalisha umeme wake kwa kuzunguka tu, na swichi huzizima kwa kuziunganisha na bodi kwa waya. Waya huo ukikatwa na panya, gari lingegoma kuwaka, lakini magneto ya ndege hubaki hai hata swichi ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Anayesukuma pangaboi kidogo ili apate nafasi ya kupita anaweza kuiwasha injini kwa mkono wake. Kwa hiyo pangaboi huheshimiwa wakati wote kana kwamba litazunguka, na plagi hutolewa kabla ya mtu kuligusa kwa kazi yoyote. Plagi zikiwa nje, pangaboi likizungushwa polepole, sikio litafute mlio wa "tak": ni springi ya magneto inayojikaza na kuachia ili kutoa moto mkali wakati wa kuwasha. Kimya maana yake springi imeshika kutu, na injini hiyo itagoma kuwaka hata mafuta yakiwa mapya.

Oili ya zamani humwagwa ikiwa imetulia, ya kwanza kutoka ikikingwa pekee, kwa kuwa maji hutangulia. Filta hukatwa wazi na karatasi yake kukunjuliwa juu ya kitambaa cheupe. Oili mpya ikiingia, na kila silinda ikiwa imepata vijiko vichache vyake kupitia tundu la plagi, stata huzungusha injini kwa vipindi vifupi, plagi za juu zikiwa bado nje, mpaka mshale wa presha ya oili uinuke. Bila mzigo wa kompresheni vyuma huzunguka kwa wepesi na oili hufika mahali pake. Mshale usipoinuka, kazi husimama hapo. Ukiinuka, ndipo plagi hurudishwa na ndege husukumwa nje, magurudumu yakizuiwa kwa magogo na mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi mwa mtu anayejua kuutumia.

Injini ikigoma kuwaka, maswali ni mawili tu, moto na mafuta, na la mafuta hujibiwa haraka: plagi iliyotoka na unyevu imepata mafuta, iliyotoka kavu haijapata. Ikiwaka kwa shida ikitetema, kisha ikatulia ilipopata joto, mashaka huangukia valvu ya ekzosi iliyokwama kwenye mfereji wake kwa masizi. Lycoming ina maelekezo ya kuusafisha mfereji huo bila kuvua silinda, na mafundi wameyageuza kuwa ujanja wa kamba: kamba ya nailoni huingizwa kupitia tundu la plagi, pistoni hupandishwa mpaka iibane kamba juu, na kamba huishikilia valvu wakati springi yake inafunguliwa. Baadaye valvu hushushwa ndani, mfereji hukwanguliwa, na kila kitu hurudi. Ni kazi ya kuvutia kuitazama.

Ikipiga misi wakati magneto moja imezimwa, tatizo liko upande wa ile iliyobaki, au kwenye plagi zake. Kuijua plagi yenyewe hakuhitaji mashine. Injini huzungushwa dakika moja kwa magneto yenye kasoro, ikazimwa, na tone la maji huguswa kwenye bomba la ekzosi la kila silinda. Linapochemka, silinda ilikuwa inafanya kazi. Linapotulia, ni ile iliyolala. Plagi yake hubadilishana nafasi na ya jirani. Ubovu ukihama nayo, plagi imekufa. Ukibaki, atafutwe mwingine wa kulaumiwa, waya au magneto yenyewe, ambayo platini zake huota ukungu wa kijani katika hewa ya ziwani.

Kompresheni hupimwa injini ikiwa ya moto. Hewa ya presha ya psi 80 huingizwa kupitia tundu la plagi na geji ya pili husoma inayobaki. Lakini sikio hueleza zaidi kuliko geji. Mvumo ukisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi inavuja. Ukisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Injini iliyolala husoma chini mara ya kwanza kwa sababu ringi zimekauka, na baada ya saa chache baadhi hupanda. Kuikatia tamaa silinda kwa kipimo cha siku ya kwanza ni pupa sawa na ile ya kuwasha.

Pupa ina kumbukumbu yake mbaya huko Greenland. Ndege ya kijeshi ya Marekani aina ya B-29, iliyoitwa Kee Bird, ilipotea njia na kutua juu ya ziwa lililoganda Februari 1947. Watu wote waliokolewa, ndege ikaachwa. Mwaka 1994 rubani wa mashindano Darryl Greenamyer alikwenda na timu yake wairuke kuirudisha. Hawakuziamini injini zilizolala miaka 47. Walileta injini nyingine na mapangaboi mengine, wakafanya kazi kwenye baridi kali, na fundi mkuu Rick Kriege akaugua huko na kufariki. Mei 1995 walirudi. Injini zote nne ziliwaka. Ndege ilipokuwa ikikimbizwa juu ya barafu, petroli ilivuja kutoka kwenye chombo cha kubuni kilicholisha jenereta ndogo ya nyuma, moto ukashika, na sehemu kubwa ya ndege ikateketea. Kilichowashinda ni chombo kimoja kilichofungwa juujuu, kikatikiswa.

Kwa mashine ya mtumbwi, mambo haya hupungua lakini hayabadiliki. Kabla ya mwezi mpevu, mwenye mashine achomoe mpira wa tenki na kuiacha injini izunguke, ikiwa na maji ya kuipoza, mpaka iishiwe yenyewe, kisha alegeze skurubu ya chini ya bakuli la kabureta na kumwaga yaliyosalia. Dakika tano. Mafuta yaliyochanganywa na oili yasikae kwenye dumu miezi. Yaliyonunuliwa kwa magendo yachujwe kwa kitambaa kizito na yaachwe yatulie usiku mmoja, maana maji yatajitenga chini. Mashine ikiwa imelala msimu mzima, plagi itolewe, oili kijiko kimoja iingizwe, kamba ivutwe mara kadhaa kwa upole, ndipo plagi irudishwe.

Ndege ina sheria zaidi. Mkono unaofungua bolti lazima uwe na leseni au usimamiwe na mwenye leseni, na katika Burundi mamlaka inayosimamia hayo ni AACB. Cheti cha kuruka cha ndege iliyolala huwa kimekwisha, kwa hiyo hata kuihamisha kwenda karakana kubwa huhitaji kibali maalum cha safari hiyo. Kijana wa Kabezi au Rumonge mwenye kipaji cha mashine ana njia ya kufika huko: chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki, hufundisha marubani na mafundi pia. Shirika la Air Burundi lilisimamisha safari mwaka 2009, lakini ndege za watu binafsi, za misheni na za mashirika ya misaada bado hupita katika ukanda huu, na mafundi wake ni wachache.

Ndege ikipata kibali, safari ya kwanza haina abiria. Rubani hupaa asubuhi kungali baridi, hupanda kwa kuzunguka juu ya uwanja akibaki katika umbali ambao angeweza kurudi injini ikizima, na hukaa angani kama saa moja, oili ikiwa ya moto vya kutosha kufukuza maji. Anaposhuka, oili humwagwa ingali moto na filta hukatwa tena. Chembe mbili tatu zinazong'aa husubiriwa hadi filta inayofuata, baada ya saa kumi za kuruka. Zikiwa nyingi, sumaku hupitishwa juu ya kitambaa: zikivutika ni chuma, na katika Lycoming chuma humpeleka fundi moja kwa moja kwenye kamshafti. Hapo silinda huvuliwa, vikombe hutazamwa kwa macho, na mwenye ndege huitwa aje kuona mwenyewe kabla ya kupewa hesabu, maana kufungua injini yote kunaweza kugharimu zaidi ya alivyoinunulia ndege nzima.